Nani Alisema Muziki ni Lugha ya Dunia?

Kuna sentensi moja ambayo imenilipia kodi ya nyumba zaidi ya mara moja: muziki ni lugha ya dunia nzima. Utaikuta kwenye mabango ya warsha Lodwar, kwenye fulana za tamasha la amani Kakuma, na kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti ambazo mashirika hupeleka kwa wafadhili. Baadhi ya ripoti hizo nimeziandika mimi. Chuo niliacha mwaka wa pili karo iliponishinda, na tangu hapo naishi kwa vibarua vya maneno: kutafsiri, kunakili mahojiano, kuandika maelezo ya picha. Sentensi hiyo nimeiandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na kila mara mteja amefurahi.

Sasa nimeanza kuishuku. Si kwamba ni uongo. Ingekuwa uongo mtupu ningeiacha ipite, kama tunavyoacha mengi yaliyo kwenye mabango. Shida ni kwamba nusu yake ni kweli, na hiyo nusu ya kweli inatusahaulisha kuuliza kuhusu ile nyingine. Kwa hivyo maswali yangu ni mawili. Je, kuna kitu kwenye muziki ambacho binadamu wote wanacho, awe mtu wa Lodwar au wa Lima? Na kama kipo, kinatudai nini sisi tunaoishi tukitenganishwa na ua wa miiba tu?

Tuanze na watu wa kupima. Mwaka 2015 Patrick Savage na wenzake walichapisha uchambuzi wa rekodi 304 za muziki kutoka pembe zote za dunia. Walitafuta sifa isiyokosekana popote. Hawakupata hata moja. Lakini walipata sifa 18 zinazojirudia karibu kila eneo, kiasi kwamba huwezi kusema ni bahati: mapigo yanayokwenda sawasawa, mara nyingi mbilimbili, sauti zinazopanda na kushuka kwa ngazi chache, saba au pungufu, vipande vifupi vinavyorudiwa, watu kuimba kwa kundi. Mwaka 2019 kundi la Samuel Mehr likachapisha kwenye jarida la Science kazi kubwa zaidi. Walipitia maandishi ya wanaanthropolojia kuhusu jamii 315, na hawakukuta jamii isiyo na muziki.

Lakini jaribio lao la mwaka mmoja kabla ndilo linalonivutia zaidi. Walichukua nyimbo 118 kutoka jamii 86 ndogondogo, wakakata vipande vya sekunde 14, wakawasikilizisha watu 750 wa nchi 60 kupitia intaneti. Swali lilikuwa rahisi: huu wimbo ni wa kazi gani? Wa kucheza, wa kubembeleza mtoto, wa kuponya mgonjwa, au wa mapenzi? Wasikilizaji hawakujua lugha wala watu. Hata hivyo wimbo wa kucheza waliutambua, wa kubembeleza mtoto wakautambua, wa kuponya wakautambua kwa kiasi. Wa mapenzi ukawapotea.

Shika hilo la mapenzi. Tutalirudia.

Ukitaka kuona mambo haya bila kusoma jarida lolote, njoo Lodwar wakati wa Tobong'u Lore, tamasha la utamaduni la Kaunti ya Turkana, ambalo jina lake linamwita mtu arudi nyumbani. Hapo utaona edonga. Watu husimama nusu duara, mmoja anaongoza, wengine wanaitikia, makofi yanapigwa, vijana wanaruka juu wima, na miguu yote inatua kwa pamoja. Hakuna ngoma ya ngozi wala gitaa. Ardhi ndiyo ngoma. Nimewaona wageni walioshuka kwenye ndege ya Nairobi asubuhi hiyohiyo, hawajui hata kusalimia "ejok", wakianza kutikisa kichwa kabla kiongozi hajamaliza mzunguko wa kwanza. Hakuna aliyewafundisha. Mwili unajua mguu utatua lini. Kwa hivyo ndiyo, nusu ya sentensi ni kweli, na mimi siibishii.

Kuna wasomi wasiotaka tufike hata hapo. Wanasema "muziki" wenyewe ni sanduku la Wazungu, na ukizunguka dunia ukitafuta vitu vya kujaza sanduku lako, utavipata tu. Hoja hiyo tusiidharau, maana Kiswahili chenyewe kinaiunga mkono. Neno "muziki" tumelikopa. Neno letu la zamani ni ngoma, na ngoma ni chombo, ni mchezo, ni sherehe, hata pepo ana ngoma yake. Ukisema "leo kuna ngoma kwa fulani" hujataja sauti peke yake. Umetaja watu, chakula na sababu ya kukutana. Siku hizi sisi vijana tunasema "ngoma mpya imetoka" tukimaanisha faili kwenye simu, na mtu anaisikiliza peke yake kwenye matatu, waya masikioni. Neno ni lilelile, ila sherehe imeondolewa ndani yake. Yaani hata sisi kwa sisi, mtu na babu yake, tukisema "ngoma" hatusemi kitu kimoja.

Sawa. Lakini kukosa neno si kukosa kitu. Miguu ya edonga haikungoja neno "muziki" lifike ndipo itue pamoja.

Sasa twende Kakuma, kama kilomita 120 kutoka Lodwar. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992, walipofika maelfu ya vijana waliokimbia vita Sudan. Leo, ukijumlisha na makazi jirani ya Kalobeyei, kuna watu zaidi ya 200,000: Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo, Waethiopia, Warundi na wengine. Wenyeji ni Waturkana. Miongoni mwa wageni wa mwanzo walikuwemo Wadinka wengi. Na hapa pana jambo ambalo mabango yangelipenda sana kama yangelijua. Waturkana na Wadinka wote ni watu wa ng'ombe, na wote wana desturi ambayo mtu wa Nairobi huiona ni ajabu: mwanamume huwa na dume lake la moyoni, hupata jina linalotokana na dume hilo, hulitungia nyimbo, na akiimba huinua mikono juu kuigiza pembe zake. Francis Mading Deng, Mdinka mwenyewe, alitoa kitabu kizima kuhusu nyimbo za kwao mwaka 1973. Mturkana akisomewa habari hizo atadhani anasimuliwa mambo ya wajomba zake.

Lakini lugha zao hazisikilizani. Wasomi huziita zote za Kiniloti, ila ziliachana zamani sana. Mturkana anaelewana kwa urahisi zaidi na Mkaramojong wa Uganda au Mtoposa wa Sudan Kusini. Mama wa Kiturkana anayeuza makaa na Mdinka anayenunua hupatana bei kwa Kiswahili cha kuungaunga. Na wenyeji na wakimbizi wamegombana si mara moja, juu ya kuni, maji na mifugo. Kama muziki ungekuwa lugha kweli, hawa wangekuwa wameshaongea yakaisha tangu 1992.

Halafu kuna swali la mtu mkaidi: kufanana huku kunatokana na ubinadamu, au kunatokana na ng'ombe? Wasomali walio mitaa michache kutoka hapo wana mashairi ya ngamia. Mvuvi wa Kalokol, kando ya ziwa, hana sababu ya kuinua mikono kama pembe, wala fundi cherehani aliyetoka Bukavu. Kwa hivyo wimbo wa dume si wa binadamu wote. Ni wa watu ambao maisha yao yote, kuanzia maziwa hadi mahari, yamefungwa kwenye kamba ya mnyama mmoja. Ukishuka chini zaidi ndiyo unafika kwenye kitu cha wote, yaani mapigo, kurudia, kuitikiana. Na kadiri unavyoshuka kukitafuta, ndivyo unavyobaki na machache ya kusema kuhusu mtu anayeimba.

Hili sikulitoa kitabuni. Kuna wakati nilikaa Kakuma kwa kazi ya kunakili mahojiano, nimepanga chumba cha mabati karibu na laga ya Tarach. Usiku joto halikuruhusu usingizi, na upande wa pili wa ukuta mama mmoja alikuwa akimwimbia mtoto. Lugha sikuijua. Lakini hukuwa na haja ya kuniambia wimbo ni wa kazi gani: sauti ya chini, mwendo wa polepole, kipande kilekile kikirudi na kurudi. Ningekuwa mmoja wa wale 750 ningejibu bila kufikiri. Mtoto alinyamaza, na mimi pia nilisinzia. Ikawa hivyo karibu kila usiku.

Jioni moja dada mkalimani tuliyekuwa tukifanya naye kazi alikuja kuniletea kinasa sauti, akausikia. Akasimama mlangoni. Nikamuuliza wimbo unasema nini, nikitarajia mambo ya lala mtoto lala.

"Ndugu, huyu anamgombeza baba ya mtoto," akasema. "Anamwambia ulisema unaenda mwezi mmoja. Sasa anamtajia vitu alivyouza tangu aende."

Orodha ilikuwa ndefu. Sufuria mbili, godoro, simu, kitanda. Kila alipomaliza alirudi kwenye jina la mtoto, kisha akaanza upya.

Mimi nilikuwa nimelala kwa orodha ya vitu vilivyouzwa. Na ona, yote niliyoyasikia mwanzoni yalikuwa kweli: ulikuwa wimbo wa kubembeleza, na mtoto alikuwa anabembelezwa. Wale watafiti wako sahihi. Ila mwanamke mwenyewe hakuwemo kwenye jibu langu. Sehemu ya wimbo iliyonifikia ni ile ambayo ingeweza kuimbwa na mama yeyote, popote. Mume aliyeondoka, godoro, aibu ya kuuza simu ambayo ndiyo mume angeipigia, hayo yalibaki ndani ya lugha, na lugha inataka mtu akae chini aifafanue.

Ndiyo maana nilisema tushike lile la mapenzi. Kati ya nyimbo zote, kwa nini wa mapenzi ndio uwapotee wasikilizaji? Nadhani ni kwa sababu mapenzi hayana kasi wala sauti yake maalumu. Mwenye kupenda anaweza kulia, kutania, kujisifu au kulaumu. Angalia "Malaika". Fadhili William aliurekodi miaka ya 1960, ingawa utunzi wake unabishaniwa mpaka leo. Ukaimbwa na Miriam Makeba, Harry Belafonte, Boney M, Angélique Kidjo. Ni watu wangapi huko nje wanajua kwamba ni wimbo wa kijana aliyeshindwa kuoa kwa kukosa pesa? Wao wanasikia utamu. Sisi tunasikia utamu na mfuko mtupu. Mtu wa pwani atakuambia vivyo hivyo kuhusu taarabu: mgeni anasikia fidla, mwenyeji anasikia fumbo lililorushwa kwa mtu aliyekaa safu ya pili.

Kuna upande mwingine ambao mabango hayaugusi kabisa. Zile sifa zinazofanya watu waruke pamoja hazichagui sababu ya kuruka. Wafugaji wa eneo hili lote wamekuwa na nyimbo za kusifu uvamizi wa mifugo, na shujaa wa wimbo upande huu ni muuaji kwenye maombolezo ya upande ule. Rwanda ilituonyesha mbaya zaidi. Nyimbo za Simon Bikindi, mwanamuziki maarufu, zilipigwa sana na redio RTLM wakati wa mauaji ya 1994. Mahakama ya Arusha ilimhukumu miaka 15 mwaka 2008. Kosa lililothibitishwa ni uchochezi alioutoa kwa kipaza sauti barabarani, si utunzi wa nyimbo zenyewe. Lakini fikiria jinsi nyimbo hizo zilivyosikika kwa mtu asiyejua Kinyarwanda. Kitako chake kingecheza tu.

Najua utakachoniuliza hapo, bana. Sisi Wakenya tumecheza Kilingala tangu enzi za Franco bila kujua kinasema nini, kwani kuna dhambi? Hakuna. Furaha haihitaji mkalimani, na mimi mwenyewe rumba ikipigwa sikai. Tofauti iko kwenye kile unachodai baada ya kucheza. Ukisema "nimefurahi", uko sawa. Ukisema "tumeelewana", hapo naomba ushahidi.

Tena tusidhani kwamba kitu kikiwa cha karibu wote basi kiko salama. Mwaka 2025 Manvir Singh na Kim Hill walichapisha habari za Waaché wa kaskazini, huko Paraguay, watu ambao Hill amewatembelea na kuishi nao tangu 1977. Wanaimba, lakini mmoja mmoja. Wimbo wa kubembeleza mtoto hawana, na kucheza kwa kundi hawana. Watoto wao wanalia kama wetu, wananyamazishwa kwa maneno ya kuchekesha na kwa kukunjiwa sura. Watafiti hao wanaona kuwa mambo hayo yalikuwepo zamani, yakapotea jamii ilipopungua na maisha yake kuvurugwa. Kwa hivyo hata wimbo wa kulaza mtoto, ambao wageni wa nchi 60 wanautambua kwa sekunde 14, unahitaji mtu wa kuurithisha. Haumei wenyewe kama nywele.

Nikilisoma hilo nafikiria madume. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya, na mifugo ikafa kwa mamilioni. Ndani ya kambi, mkimbizi hana malisho wala ruhusa ya kuchunga kundi. Kuna Mdinka aliyezaliwa Kakuma, sasa ana ndevu, anajua wimbo wa dume la babu yake na hajawahi kushika kamba ya ng'ombe. Na kwenye stendi ya Lodwar kuna Mturkana wa rika lake anayeendesha nduthi, wimbo anao, dume hana. Hapo ndipo hawa wawili wanafanana kuliko mahali pengine popote. Lakini kufanana huko hakuko kwenye mapigo, na hakuna mashine itakayokupimia. Lazima mtu akuambie dume lilikuwa la rangi gani, na lilikufa mwaka gani.

Basi kinatudai nini, hicho kitu cha wote? Wenye mabango wanajibu haraka: sote tuna muziki, kwa hivyo sote ni wamoja. Naona wanaruka hatua. Kakuma si mahali ambapo watu hawajatambuliwa kuwa ni binadamu. Alama za vidole zimechukuliwa, kadi ipo, idadi ya watu wa nyumba imeandikwa. Watu wametambuliwa kwa zaidi ya miaka thelathini. Wanachokosa ni kujulikana. Na muziki, kwa upande wake ule wa wote, unafanya kazi ya alama za vidole: unathibitisha kwamba hapa kuna mtu. Ni kazi kubwa, kuna mahali duniani hata hiyo haifanyiki. Ila ukiishia hapo umefanya usajili, hujafanya ujirani.

Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaotaka Kakuma na Dadaab ziache kuwa kambi, wenyeji na wakimbizi watumie huduma zilezile katika miji ya kawaida. Utafaulu au la, tutaona. Lakini neno lenyewe nalipenda, kwa sababu kushirikiana ni tofauti na kufanana. Unaweza kufanana na mtu usiyemjua kabisa. Kushirikiana naye huwezi, mpaka umuulize jambo, naye akujibu, na jibu likubadilishie kitu.

Nililiona hilo likitokea kwenye tamasha moja dogo Kakuma, ambapo mtu fulani alipata wazo la kuweka dakika tano za maelezo kati ya wimbo na wimbo. Mzee wa Kiturkana aliimba dume lake, mikono juu. Watu wakapiga makofi, kama kawaida. Kisha akaeleza: dume lilikuwa jeusi lenye kiuno cheupe, alilipata kwa mjomba, lilimfia kwenye ukame akilitazama. Maneno yakapita kwenye Kiswahili, yakaingia Kidinka, yakamfikia mzee mwingine aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na fimbo yake. Huyo akafikiri kidogo, akauliza swali moja: pembe zilikuwa zimeelekea wapi?

Wakalimani wawili wakalibeba swali mpaka upande wa pili. Mzee wa Kiturkana akacheka, kisha akaanza kuonyesha kwa mkono mmoja, akasita, akatumia miwili. Mzee wa Kidinka akasimama na kumrekebisha. Mwongoza shughuli alikuwa anaonyesha saa, dakika tano zilikuwa zimeisha zamani, na hakuna hata mmoja kati ya hao wazee aliyekuwa anamtazama.